Ng'ombe, mbolea au shamba jipya la ufuta? Hesabu ya hewa ukaa Kusini

Kuanzia Julai hadi Oktoba, ukitoka Nangurukuru kwenda Liwale, au ukipita Nachingwea kuelekea Masasi, hukosi kuona moshi. Pengine ni nyasi za kando ya barabara, pengine ni shamba linaandaliwa, na pengine hakuna anayejua nani kawasha. Kwenye semina za mazingira moshi huo ndio unaotangulia: picha ya moto ukutani, kisha mtaalamu anaeleza jinsi kilimo kinavyochangia mabadiliko ya tabianchi. Mkulima aliyeketi benchi la nyuma ana swali lake, na ni swali la haki kabisa: jembe langu la mkono na ekari zangu tatu ndizo zilizoleta Kimbunga Hidaya?

Jibu fupi ni hapana. Jibu refu lina mafundo, kwa sababu kilimo kweli kina sehemu yake katika kuipasha dunia joto, na sehemu hiyo ipo hata Lindi na Mtwara. Ila mara nyingi tunaitafuta pasipo penyewe.

Tuanze na takwimu, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotezana. Mmoja atakuambia kilimo kinatoa asilimia 12 ya gesijoto duniani, yaani gesi zinazozuia joto lisitoke angani, mwingine atasema 22, wa tatu atasema theluthi moja, na wote watatu wako sahihi. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, linakadiria kwamba mwaka 2019 kilimo, misitu na matumizi mengine ya ardhi kwa pamoja vilichangia asilimia 22 hivi ya gesijoto zitokanazo na binadamu. Ukiondoa ukataji wa misitu ukabakiza mifugo, mpunga, mbolea na samadi, unashuka hadi kwenye 12 hivi. Ukiongeza viwanda vya mbolea, malori, majokofu, usindikaji na chakula kinachooza jalalani, unakaribia theluthi. Kwa hiyo anayekutajia asilimia, muulize kwanza amehesabu nini. Na hata ukichukua ile kubwa kuliko zote, bado sehemu kubwa ya gesi hizo inatoka kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia vinavyochomwa kwa umeme, magari na viwanda, na zilizorundikana angani tangu zamani, nyingi ni za nchi zilizoanza kuvichoma kabla babu zetu hawajazaliwa. Tanzania nzima, ng'ombe wake wote na misitu yake yote inayokatwa, inachangia chini ya asilimia moja ya gesijoto za dunia.

Gesi zenyewe ni tatu. Kaboni dioksidi, ambayo wengi tunaiita hewa ukaa, hutoka kila mti unapoungua au kuoza na kila tangi la dizeli linapotumika. Ya pili ni methani, na watu wa Kusini hawahitaji kuisoma vitabuni, kwa sababu ndiyo gesi inayochimbwa Mnazi Bay na Songo Songo. Ikiungua kwenye mtambo wa umeme inabaki kaboni dioksidi na mvuke. Ikitoroka bila kuungua inazuia joto kwa nguvu kubwa zaidi. Vijidudu vinaitengeneza methani hiyohiyo popote majani yanapooza pasipo na oksijeni: chini ya maji ya jaruba la mpunga, au tumboni mwa ng'ombe anayecheua. (Utani wa mitandaoni unasema ng'ombe huitoa kwa nyuma. Si kweli, sehemu kubwa mno hutoka mdomoni, akibeua.) Ya tatu ni naitrasi oksaidi, inayotoka ardhini mbolea ya naitrojeni au samadi inapovunjwavunjwa na vijidudu vya udongo. Ni kidogo kwa kiasi lakini kali: kilo moja inapasha joto sawa na kilo 273 za kaboni dioksidi.

Kinachochanganya zaidi ni muda. Methani hudumu angani miaka 12 hivi, kisha inavunjika. Naitrasi oksaidi inapita karne moja. Kaboni dioksidi haina umri mmoja. Sehemu yake inamezwa na miti na bahari mapema, nyingine inabaki angani kwa karne nyingi. Ndiyo maana kilo ya methani inahesabiwa kama kilo 28 hivi za kaboni dioksidi ukipima kwa miaka 100, lakini ukipima kwa miaka 20 inakaribia kilo 80. Anayetaka kumlaumu mfugaji huchukua kipimo cha miaka 20, anayetaka kumtetea huchukua cha 100. Mimi hapa nitatumia cha 100 kwa sababu ndicho serikali zinachotumia kwenye ripoti zao, na msomaji ajue kwamba kwa kufanya hivyo nimempunguzia ng'ombe mzigo.

Sasa tuchukue karatasi na kalamu.

Ng'ombe wa kienyeji anatoa methani kama kilo 30 hadi 50 kwa mwaka. Chukua 40, zidisha kwa 28, unapata tani 1.1 za hewa ukaa. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa kanuni ya kawaida, asilimia moja ya naitrojeni hiyo hutoka ikiwa naitrasi oksaidi, na ukipiga hesabu hadi mwisho unapata kama kilo 100 za hewa ukaa kwa mfuko, ukiacha ile iliyotoka kiwandani mbolea ilipotengenezwa. Ekari moja ya mpunga iliyojaa maji msimu mzima inatoa methani kilo 50 hivi, yaani tani 1.4, juu kidogo ya ng'ombe mmoja. Mpunga unaotegemea mvua, ambao maji yake hukauka katikati ya msimu, unatoa pungufu ya hapo.

Halafu kuna ekari moja ya pori la miombo. Miombo haifanani. Kuna pori la mipingo na mininga lililoshiba, na kuna lililokwishachakazwa na mkaa. Tukikadiria kwamba miti iliyo juu ya ardhi ina tani 25 za kaboni kwa hekta, ekari moja ina tani 10. Kaboni ikiungana na oksijeni uzito unaongezeka mara 3.67, kwa hiyo ekari ikifyekwa na kuchomwa yote inatoa tani 37 za hewa ukaa, bila kugusa mizizi na udongo.

Tani 37 ni sawa na ng'ombe 33 kwa mwaka mzima. Ni sawa na mifuko 370 ya urea. Ni petroli lita 16,000, ambayo dereva wa bodaboda pale Mtwara mjini hawezi kuimaliza kwa miaka mingi. Makadirio haya yanaweza kupanda au kushuka kwa theluthi moja au hata zaidi, lakini mpangilio wake haubadiliki: katika mikoa hii miwili, gesi nyingi ya kilimo inatoka siku pori linapovunjwa, na kinachofuata baada ya hapo ni kidogo ukilinganisha.

Hapo ndipo ufuta unapoingia. Katika Kilwa, Liwale, Nachingwea na Ruangwa zao hili limebadilisha maisha ya watu. Kuna nyumba za bati, pikipiki na ada za shule ambazo zisingekuwepo bila ufuta, na bei mnadani imewahi kuvuka shilingi 3,000 kwa kilo. Lakini ufuta unapenda ardhi mpya. Mwaka wa kwanza magugu ni machache na rutuba ya majivu ipo. Mwaka wa tatu magugu yamekaba, mavuno yameshuka, na palizi ya jembe la mkono inakula vibarua kuliko shamba linavyolipa. Mkulima anafungua pori lingine. Si ujinga, ni hesabu yake ya nguvu kazi, na ukikaa naye chini akakuonyesha gharama za palizi utakubaliana naye.

Tuipime hesabu hiyo kwa hewa ukaa. Tuseme ekari inatoa kilo 200 za ufuta kwa msimu. Ukiilima misimu mitatu na kuiacha, umevuna kilo 600 kwa gharama ya tani 37, yaani kila kilo ya ufuta ina zaidi ya kilo 60 za hewa ukaa nyuma yake. Ekari hiyohiyo ikilimwa misimu 20, mavuno yakabaki palepale, kila kilo inabeba kilo 9 tu. Mkulima yuleyule, zao lilelile, tofauti ni miaka aliyokaa pale. Pori lililoachwa litaota tena na kurudisha sehemu ya kaboni, ni kweli, na zamani shamba liliachwa miaka mingi kabla ya kurudiwa. Lakini watu wameongezeka, mashamba yamesogeleana, na muda wa kupumzisha ardhi umefupika.

Kutokana na hilo mbolea, ambayo kwenye makala nyingi za nje inatajwa kama mkosaji, huku kwetu inaweza kuwa msaada. Mwaka 2006 nchi za Afrika zilikubaliana Abuja kufikia kilo 50 za virutubisho kwa hekta, na Tanzania bado iko mbali chini ya hapo. Ushauri wa kupunguza mbolea unamfaa mkulima wa Ulaya au China anayemwaga kupita mahitaji ya mmea. Kwa mkulima wa Nachingwea, mfuko mmoja wa kilo 100 za hewa ukaa unaomfanya abaki kwenye shamba lake la zamani ni nafuu mno kuliko ekari mpya ya tani 37. Mbaazi, ambazo Kusini tayari tunazilima kwa wingi, zinafanya kazi kama hiyo bila mfuko kabisa, kwa kuwa mizizi yake inaingiza naitrojeni ardhini. Sharti ni moja, na watu wa miradi hulisahau: mavuno mazuri peke yake hayalindi msitu. Mtu aliyepata faida anaweza kuitumia kukodi trekta na kufungua ekari kumi zaidi. Bila mpaka wa msitu unaojulikana na kusimamiwa na kijiji, pembejeo zinaweza kuongeza ufyekaji badala ya kuupunguza.

Na moto? Hapa nitakwenda polepole, kwa sababu moshi ndio unaowadanganya wengi. Nyasi zilizoungua Agosti zitaota tena mvua zikianza kati ya Novemba na Desemba, na zitavuta kutoka hewani kaboni ileile iliyotoka. Ni kama kikoba: aliyekopa na kurejesha ndani ya mwaka hajapunguza mfuko, ila mwanachama aliyetoa hisa zake zote na kuhama kijiji amepunguza. Mti wa mninga wa miaka 80 uliokatwa na kuchomwa ni huyo aliyehama. Ndiyo maana kwenye hesabu rasmi za nchi, moto wa nyasi hauandikiwi kaboni dioksidi. Unaandikiwa methani na naitrasi oksaidi tu, zinazotoka kwa sababu moto haukuunguza vizuri.

Hiyo haimaanishi moto wa nyasi hauna hatia. Moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa na upepo ukivuma, unaua miche mingi ya miti na kukausha hata mikubwa. Ukirudia kila mwaka, pori linazeeka bila watoto. Moto wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, unapita chini, unakula kidogo, na unaacha vipande visivyoungua vinavyozuia moto mkubwa wa baadaye. Kilwa kuna vijiji vilivyojaribu kuchoma mapema kwa makusudi kama njia ya kulinda misitu yao. Kwa hiyo amri ya jumla ya "ni marufuku kuchoma" ina kasoro: inamzuia mwenye kuchoma mapema kwa mpango, na haimpati anayewasha usiku wa Oktoba akitafuta panya au asali.

Korosho inahitaji maneno machache tu. Salfa inayopuliziwa kudhibiti ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haimo katika gesi hizi tatu. Inaongeza tindikali ya udongo na inawasumbua wapuliziaji, lakini hayo ni masuala mengine. Petroli ya mashine ya kupulizia ni lita chache. Mkorosho wenyewe ni ghala la kaboni linalosimama kwa miongo kadhaa, na ukiupanda kwenye ardhi iliyokuwa wazi tayari, umeongeza. Ukifyeka miombo ili upande mikorosho umepoteza mwanzoni, ingawa hasara yake ni ndogo kuliko ya ufuta wa misimu mitatu. Ajabu ni kwamba zao linalotajwa sana Kusini ndilo lenye kesi ndogo.

Mifugo ina historia yake. Kwa muda mrefu mbung'o waliifanya mikoa hii kuwa na ng'ombe wachache. Hali ilibadilika baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, wengi wakaelekezwa Lindi, na ugomvi wa malisho, maji na mazao ukaanza. Kwenye vikao vya vijiji utasikia sasa hoja ya tabianchi ikichomekwa ndani ya ugomvi huo, kwamba ng'ombe wanaharibu hewa. Ng'ombe 100 wanatoa tani 110 kwa mwaka, sawa na ekari tatu za miombo. Mgogoro wa ardhi ni wa kweli na unahitaji suluhisho, lakini mtu aliyefungua ekari 20 msimu uliopita asitumie methani kama fimbo ya kumpigia mfugaji.

Tukizungumzia ufyekaji, tusisahau kwamba mkubwa kabisa uliowahi kupangwa Nachingwea haukuwa wa jembe la mkono. Kuanzia 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta kung'oa miombo kwa ajili ya mpango wa karanga, ikajenga reli na bandari ya Mtwara, na kufikia 1951 mpango ukaachwa. Karanga zilizopatikana zilikuwa chache mno na miti ilikuwa imekwenda.

Kwa mpunga wa Kitere na wa mabonde ya Lukuledi na Mbwemkuru, dawa inajulikana na haina gharama kubwa: kuacha jaruba likauke kidogo kisha kulimwagilia tena, badala ya kulijaza maji mfululizo. Hewa ikiingia kwenye udongo, vijidudu vya methani vinadhoofika na gesi inaweza kupungua kwa asilimia 30 au zaidi, na maji yanaokolewa. Kilimo shadidi kinachofundishwa na maofisa ugani ni cha namna hiyo. Tatizo ni kwamba kinahitaji mfereji unaofungwa na kufunguliwa kwa zamu, na palipo na mfereji mbovu au zamu zenye upendeleo, mkulima atajaza maji siku anayoyapata.

Turudi kwa yule wa benchi la nyuma na swali lake la Hidaya. Kimbunga kile kilifika pwani yetu Mei 2024, mvua zake zikakata barabara ya Dar es Salaam na Lindi kule Kilwa, na mizigo ikakwama. Miaka mitano kabla, Aprili 2019, Kenneth kilipiga kaskazini ya Msumbiji, jirani kabisa na Mtwara. Kimbunga kimoja huwezi kumhesabia mtu, wala shamba, wala hata nchi. Vimbunga vilikuwepo, Lindi ilipigwa na kimoja kikali Aprili 1952, hewa ukaa angani ikiwa chini sana ya ilivyo leo. Kinachobadilika ni uzito wa mvua. Kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, hewa inabeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na bahari yenye joto inakipa kimbunga nguvu. Dunia imekwishapanda nyuzi 1.1 kati ya karne ya 19 na muongo wa 2011 hadi 2020. Kwa mkulima wa korosho hilo linaonekana kwa namna isiyo na jina kubwa: mvua isiyotarajiwa wakati wa maua inayoleta magonjwa, au inayolowesha korosho zikiwa chini ya mti na kuzishusha daraja mnadani.

Kwa hiyo hoja ya kumwambia mkulima wa Kusini aache kuvunja pori ili kuokoa dunia ina kasoro ya haki. Anaombwa alipe deni la wengine. Hoja iliyo bora, kwa maoni yangu, ni kwamba pori lina thamani kwake mwenyewe, na kama dunia inataka libaki, ilipie. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kubaki na mapato yake. Vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa bila kuuharibu, mwaka 2009 na kuuza mpingo kwa utaratibu. Sasa imekuja biashara ya kaboni. Kanuni zake zilitoka 2022, kituo cha taifa cha kuisimamia kiko Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, na vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vimekwishajenga shule na zahanati kwa fedha hizo.

Biashara hiyo ina masharti ambayo madalali hawayasemi kwa sauti. Msitu ambao haukuwa hatarini hauna kaboni ya kuuza. Kinacholipwa ni tani ambazo zingetoka na hazikutoka, kwa hiyo mtu anakadiria kitu ambacho hakijatokea, na hapo pana mwanya wa kuchezea. Mkifunga msitu wenu na watu wakaenda kuvunja pori la kijiji jirani, hewa haijaokoka hata kilo moja. Na mikataba ni mirefu, mara nyingi miaka 20 au 30. Kabla ya kusaini, kijiji kiulize: asilimia tunayoahidiwa ni ya mauzo yote au ya kinachobaki baada ya gharama, na gharama hizo nani anazikagua? Msitu ukiungua Oktoba kwa moto uliotoka nje ya mpaka, nani anabeba hasara? Bei ya kaboni ikishuka, ufuta ukapanda hadi shilingi 5,000, je, mkataba unaruhusu bei ijadiliwe upya? Mkutano mkuu wa kijiji una haki ya kudai majibu hayo kwa maandishi, tena kwa Kiswahili, kabla mwenyekiti na mtendaji hawajagonga muhuri.